Namba ya Aprili Hadi Oktoba

Vreden, 14 Aprili

Kwako dada yangu Mechthild,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na shemeji Torleif, nikitumaini barua hii itawakuta wazima na kwamba theluji ya huko Bodø imeanza kuwaachia njia. Goti lako linaendeleaje? Usiniandikie tena kwamba ni uzee tu. Mkunga anayewagombeza wajawazito wasiokwenda kliniki hana ruhusa ya kumkimbia daktari. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenipa kisogo. Paka wa baba naye hajambo, amenenepa kama padre wetu, na bado analala kwenye kiti cha baba. Sina moyo wa kumtoa.

Barua yako ya Pasaka ilinifika. Umelalamika kwamba sijibu, na kwamba nikipokea simu naongea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Dada, hapakuwa na sufuria yoyote. Nilikuwa nakuogopa. Niruhusu nikusimulie tangu mwanzo habari za gari la baba, maana nusu yake huijui, na nusu nyingine unaijua vibaya, na aliyekuambia vibaya ni mimi.

Yalianza Mei mwaka jana, siku ile daktari alipotuambia kwamba mapafu ya baba hayatafika Krismasi. Baba alisikiliza, akavaa kofia, akaaga. Njiani aliniambia nisimame dukani anunue mkate, na tuliporudi garini akasema anataka kununua gari la wazi, lile la paa la turubai linalokunjwa. Nilidhani ni dawa zinasema. Unamjua baba, mtu aliyekagua magari ya watu miaka thelathini na minane na hajawahi kununua gari lisilo la kijivu. Mama alimwomba gari la wazi kila majira ya kuchipua, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile, kwamba gari lisilo na paa ni beseni lenye magurudumu. Mama alikuwa anacheka. Miaka ya mwisho alikuwa hacheki.

Nikamuuliza la nini sasa. Akaniambia nisijifanye mjinga. Alitaka aende nalo kaburini kwa mama, paa likiwa chini, usukani mkononi mwake, mara moja tu, kabla naye hajahamia pale pembeni. "Nimemkatalia miaka arobaini," alisema, "sasa nikamwambie nimekubali." Na baada ya hapo hakutaka mjadala.

Tulilipata Borken, kwa mwenye saluni mmoja anayeitwa Gundula, aliyeachiwa gari hilo na mumewe pamoja na mbwa na madeni. Lilikuwa jekundu, la zamani, lile ambalo watu wa huku huliita kikapu cha stroberi kwa sababu ya upinde wa chuma unaopita juu ya viti kama mshikio. Baba alimuuliza kama lina kutu. Gundula akasema ipo kidogo tu, mzee, kama sisi wenyewe. Baba akatoa bisibisi mfukoni, akaichoma chini ya mlango wa kushoto, ikazama hadi mpini. "Mama," akamwambia, "hapa hakuna kutu. Hapa hakuna kitu kabisa." Gundula akacheka mpaka akashika ukuta, akasema basi atapunguza bei, na baba akamjibu kwamba gari lenyewe limeshajipunguza. Tulilichukua kwa yuro mia tisa, tukalivuta nyumbani juu ya trela, na baba aliimba njia nzima. Sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa.

Stika yake ya ukaguzi ilikuwa bado na miezi, kwa hiyo nikalisajili wiki ile ile. Nilichukua namba ya msimu, kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa sababu kodi na bima zinakuwa nafuu. Unazijua, zile zenye tarakimu mbili pembeni mwa kibao, nne juu na kumi chini, na nje ya miezi hiyo gari haliruhusiwi hata kuegeshwa barabarani. Baba alinisifu. Alisema anayeendesha gari la wazi wakati wa baridi ni mwehu. Sote wawili tulijiona werevu.

Majira yote ya joto tulikuwa gereji. Vitundu vya kutolea maji chini ya paa vilikuwa vimezibwa na majani ya miaka, maji yakakaa chini ya zulia yakala chuma taratibu. Nilikata, nikachomelea, nikapiga msasa. Kwa sababu ya mtungi wake wa oksijeni baba hakuruhusiwa kukaribia cheche, basi kila nilipochomelea alikaa uani, mbali, chini ya mwavuli wa mama, akinipigia kelele kupitia dirishani. Kwamba napeleka mkono haraka. Kwamba hata kuku angechomelea mstari ulionyooka kuliko ule. Nilimwambia akamlete huyo kuku. Dada, zile zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na baba, na ninazililia kuliko hata nilivyomlilia yeye.

Mwanzoni mwa Septemba nilidhani tumemaliza. Baba akaja na bisibisi yake upande wa kulia, ule tuliouona mzima, akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Chini ya rangi kulikuwa na puti tupu. Fundi wa zamani alijaza shimo, akalipaka, akauza. Nilimsihi baba tuliache. Alikuwa ameanza kupungukiwa na pumzi hata kwa kufunga viatu. Nilimwambia ni kilomita sita tu hadi makaburini, kumi na mbili kwenda na kurudi. Akasema kilomita sita zinatosha kuua mtu, na kwamba yeye hajawahi kuipitisha puti na hataanza sasa. Basi nikakata upya. Wiki saba. Nilikuwa na hasira, maana niliona anazitumia siku zake za mwisho kunisimamia, lakini nilikata.

Tarehe thelathini Oktoba tukafunga boliti ya mwisho. Baba alilizunguka gari polepole, akishika ukuta, akagonga huku na huku, kisha akasema, "Ningelipitisha." Neno moja hilo. Nilikwenda chooni nikajifungia nikalia.

Kesho yake ilinyesha tangu alfajiri. Baba alitaka twende hivyo hivyo, nikakataa, na kwa hilo sijilaumu, maana kifua chake kisingestahimili.

Siku iliyofuata, tarehe mosi Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, unaijua kwa namna nilivyokusimulia siku ya mazishi, pale kwenye kahawa na keki. Kwamba kulikucha kweupe, jua kali, na baba akashika usukani, paa chini, shali ya mama shingoni, mimi pembeni yake na taa nyekundu ya kaburini mapajani. Kwamba watu waliokuwa wakitoka makaburini walitupungia mikono. Mjomba Alwin alilia mbele za watu. Padre akarudia kisa hicho kwenye misa ya arobaini. Wewe ulinishika mkono chini ya meza, hukuniachia mpaka wageni walipoondoka.

Dada, haikutokea.

Jua lilikuwapo, hilo ni kweli, na shali, na taa. Baba alitoka chumbani saa tatu asubuhi amefunga tai, akaniambia nikunje paa. Nikamwambia leo ni tarehe mosi, namba imelala tangu saa sita usiku. Alisimama. Akaangalia kibao, zile tarakimu mbili, na niliona kwamba alikuwa amesahau. Kisha baba yetu, ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu, akaniomba. "Kilomita sita, Ansgar. Leo polisi wote wako makaburini kwa mama zao. Twende tu, mwanangu." Nikamjibu, "Sheria ni msumeno, baba."

Unajua maneno hayo nimeyatoa wapi. Unalikumbuka lile gari langu la kwanza, la njano, nililolinunua kwa mshahara wa uanagenzi kwenye kiwanda cha maziwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wenzangu walikuwa nje na mahema yao, na Kornelia alikuwa pamoja nao, tunakwenda baharini. Nililipeleka kwanza likakaguliwe, na zamu ilikuwa ya baba. Angeweza kumwachia mwenzake. Alilikagua mwenyewe, akachukua kikwangulio, akaikwangua stika mbele yao wote na kuniambia kwamba sheria ni msumeno. Wao wakapanda treni, mimi nikabaki, na Kornelia aliporudi alikuwa na mwingine. Breki zilikuwa mbovu kweli. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo sikuwahi kumsamehe.

Kwa hiyo nilipomjibu asubuhi ile sikuwa nailinda sheria. Nilisikia utamu. Nimejaribu kutafuta neno jingine wiki hizi zote na sijalipata. Miaka thelathini na mitatu nilikuwa nimeyahifadhi maneno yale, na yaliponitoka yalikuwa matamu, mbele ya mzee anayekufa amefunga tai.

Na si hilo tu. Ofisi zilifungwa kwa sikukuu, lakini Jumatatu zingefunguliwa, na kwa foleni ya nusu saa ningepewa namba ya muda, ya siku tano. Nilimwahidi baba nitakwenda. Jumatatu sikwenda. Jumanne sikwenda. Nilimwambia nina zamu. Sikuwa na zamu, Mechthild, nilikuwa nimekaa mkahawani nakunywa kahawa. Nilitaka asubiri kidogo, aonje. Jumatano asubuhi gari la wagonjwa likaja kumchukua, na hakurudi tena.

Siku ile ya mosi tulikwenda makaburini kwa gari langu la kila siku. Mchana nikamkosa chumbani, nikamkuta gereji. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Paa alikuwa amelishusha mwenyewe, sijui kwa nguvu gani, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Nikampiga picha. Ndiyo hiyo uliyoitundika jikoni kwako. Niliikata pembeni ili mlango wa gereji usionekane, kwa sababu ulikuwa umefungwa.

Nilianza kumwomba radhi, kwa maneno ya nusu nusu. Hakunigombeza. Alisema nimefanya sawasawa, hana la kunilaumu. "Na mimi hivyo hivyo nilimfanyia mama yenu," akasema. "Miaka arobaini, na kila mara nilikuwa sahihi." Kisha akaniomba nimletee kahawa.

Sasa umeniandikia kwamba utakuja Juni, siku ya kuzaliwa ya mama, na unataka nikuchoree njia tuliyopita ili nawe uipite na gari lile lile. Nilichukua karatasi nikachora nyumba yetu, na lango, na mti wa jirani, nikakwama hapo. Hakuna njia ya kuchora. Umesema pia kwamba kila unapolemewa na kule kutowahi kufika baba akiwa bado hai, unajifariji kwamba walau alipata safari yake. Hakuipata. Nilimnyima mimi, na kisha nikakupa wewe uongo uushike badala yake, na ulivyoushika kwa mikono miwili ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema.

Namba imeamka tangu tarehe mosi mwezi huu. Nimelipiga gari stati mara mbili, linanguruma vizuri, na mara zote mbili nimelizima bila kutoka langoni. Ukiwa bado unataka kuja, utaendesha wewe hadi makaburini uwaambie wote wawili unavyoona inafaa, na mimi nitakufuata kwa baiskeli. Kukaa kwenye kiti kile siwezi. Ukiamua kutokuja, au kuja na kutonisemesha, nitalipokea. Nikasirikie upendavyo. Ila nakuomba kitu kimoja, dada, na nakuomba kwa magoti. Usinijibu kwamba nilikuwa sahihi.

Nisalimie shemeji Torleif, na umwambie samaki mkavu aliyetuletea Novemba tulimmaliza. Mbusu binti yako Signe na mwanawe, mwambie yule bibi wa kanisani bado anamfumia mtoto soksi. Jirani Hedwig anakusalimu sana, naye hajui lolote la haya niliyoandika. Mungu akulinde na akuponye goti.

Ndimi mdogo wako,

Ansgar