Marehemu Aliunga Mkono

Kwako dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, barua zangu huzisoma umesimama jikoni na mwiko mkononi, na hii ni ndefu. Huku sote wazima. Wifi yako anakusalimu, kile kikohozi kimemwacha. Watoto wanarefuka, viatu haviwamalizii miezi mitatu. Mimi mwenyewe mwili hauna neno. Mengine utayaona huko mbele. Nipe habari za goti lako, na usiniambie tena kuwa ni baridi tu.

Barua yako niliipata Jumanne. Umesema macho ya mama sasa yanaona mwanga lakini sura hayazioni, na kila siku akishanawa uso anauliza mimi nakuja lini. Umesema binti yako amejifungua na anakuhitaji, nawe huwezi kutoka, kwa sababu mama hataki kuhama nyumba anayoijua kwa kupapasa kuta. Miaka minane umembeba peke yako, na mimi ndiye niliyeapa siku tuliyomzika baba kwamba nitaomba uhamisho nije kukupokea. Ukaniuliza bila kuzunguka: maombi yangu ya tatu yamejibiwa, au nina mwanamke huku? Dada, mwanamke sina. Huyo mmoja ananitosha na kunizidi. Nitakueleza yote, ila nivumilie kidogo, nikianza na mwisho hutanielewa.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Katibu wa baraza la mji ni mtu ambaye mtaro ukiziba anaitwa, taa ya barabarani ikizimika anaitwa, mbwa wa fundi viatu akimng'ata mtu anaitwa, na mbwa huyo akionekana ana kichaa, katibu haitwi tena, anatafutwa. Ofisi yangu ina meza, kabati la chuma linalofungwa kwa kupigwa goti, na dirisha linalotazama bomba la maji la mtaa. Lakini katika hayo yote hakuna ninaloweza kulifanya bila muhtasari. Utaratibu wetu ni kwamba wajumbe kumi na mmoja wakutane kila mwezi. Wakifika sita, akidi imetimia na kikao ni halali. Wanaamua, mimi naandika, mwenyekiti anasaini, nakala inabandikwa ubaoni nje kila mtu aisome. Bila karatasi hiyo hata ufagio haununuliwi.

Sasa tatizo ni kwamba wajumbe hawaji. Miaka minne iliyopita pampu ya maji iliharibika, mafundi wakagoma kuigusa bila uamuzi wa baraza, na siku ya kikao mvua ikanyesha, wakaja watatu. Mwenyekiti wetu ni mwenye mashine ya kusaga, mtu mwema, nyusi zake nyeupe kwa unga hata Jumapili. Aliniambia niandike kwamba tulikuwa sita, kwa sababu watu hawanywi akidi. Nikaandika. Kesho yake maji yakatoka, akina mama wakaja dirishani kulishukuru baraza, nami nikaitikia kwa niaba ya baraza lote.

Wanasema mchovya asali hachovyi mara moja. Mwezi uliofuata walikuja wawili. Uliofuata nikaja mimi na mwenyekiti, naye aliacha mashine inasaga akarudi mbio. Baada ya hapo hatukusumbuana tena. Mimi niliandika, yeye akasaini, wajumbe wakaona vibali vyao vinatoka bila wao kufunga maduka, na kila mtu akaridhika. Mji ulikwenda vizuri, dada, sitaki nikudanganye. Mitaro ilizibuliwa. Taa ziliwaka. Hakuna mtu aliyeumia, au ndivyo nilivyojiambia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kunogewa. Nilikuwa nawatungia wajumbe maneno mazuri kuliko yale wangeyasema wenyewe. Mwalimu mstaafu alikuwa anakuja ubaoni na miwani yake kusoma jinsi alivyochangia hoja, na anaondoka kifua mbele. Mwezi mmoja nikaandika kwamba mshona nguo alimpinga seremala kuhusu vibanda vya barabarani, ili tu kikao kisionekane cha kupangwa. Walinuniana wiki tatu kwa maneno ambayo hakuna kati yao aliyeyatamka. Nikalazimika kuwapatanisha kwenye muhtasari wa mwezi uliofuata.

Kulikuwa na mzee mmoja mjumbe tuliyemwita Mzee Naunga, kwa kuwa katika vikao vya kweli vya zamani hakuwahi kusema lolote ila kwamba anaunga mkono hoja. Huyo nilimwandika kila mwezi bila kufikiri, kama mtu anavyovaa saa. Mwaka huu akafariki. Mimi mwenyewe nilisoma salamu za rambirambi za baraza kaburini, na nililia, kwa sababu nilimpenda. Mwezi mmoja baadaye bwana afya akaja Alhamisi akitaka ifikapo Ijumaa baraza liwe limeamua pa kuweka jalala jipya, la zamani limejaa hadi barabarani. Nikatazama ramani ukutani, nikaona nafasi nyeupe pembeni mwa mji, nikaandika hapo. Kwenda kupaona sikwenda. Nikaandika seremala alitoa hoja na Mzee Naunga aliunga mkono. Mwenyekiti akasaini bila kusoma, nikabandika.

Mjane wa Mzee Naunga alikuja Jumatatu. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akaniuliza kwa upole kabisa mumewe alionekanaje kwenye kikao, kwa sababu yeye alipomwona mara ya mwisho alikuwa amekonda sana. Dada, nilitamani kabati lile linifungie ndani. Akaeleza kwamba ile nafasi nyeupe ni uwanja ulio nyuma ya jiko lake, na tangu Jumamosi anapika madirisha yamefungwa kwa ajili ya nzi. Akasema habari ya jalala ataigombea siku nyingine. Siku ile alitaka kitu kimoja tu, jina la mumewe litolewe, kwa sababu barazani aliunga mkono kila kitu, lakini nyumbani hakuwahi kukubali jambo bila kumuuliza mkewe.

Nilimwambia nitalishughulikia. Hilo ndilo neno letu la ofisini, tunalitoa kama dawa ya kikohozi. Maana niliwaorodhesha waliohudhuria sita tu, na marehemu ni wa sita. Nikimtoa, wanabaki watano, kikao si kikao. Na akiuliza mtu kuhusu kikao hicho, ataulizia cha kabla yake, na cha kabla ya hicho, mpaka tufike kwenye pampu.

Wiki ile ndipo nilipoandika maombi ya tatu ya uhamisho, na safari hii nikaona kwanza nisafishe nyumba. Nikawapelekea wajumbe wote barua mkononi, nikawaambia kuna jambo zito. Walikuja kumi wote waliobaki. Viti havikutosha, mshona nguo akakaa dirishani. Mjane alikaa benchi la nyuma, na nilimwalika mimi. Nikasimama nikaeleza kila kitu bila kujitetea, kwamba kwa miaka minne hakukuwa na vikao, nilitunga, na marehemu nimemsingizia. Nikaomba tuyafute, tuanze upya, na jalala liondolewe pale. Nilipokaa moyo ulikuwa mwepesi. Nilianza hata kufikiria basi la kuja nyumbani.

Mwalimu mstaafu alisimama wa kwanza. Alisema yeye anakumbuka vikao vyote vizuri, na kwamba katibu amechoka. Seremala akaunga mkono, kwa kuwa karakana yake ya barabarani ina kibali cha mwaka juzi. Mshona nguo, aliyenuniwa wiki tatu bure, akasema alikuwepo na alimpinga seremala uso kwa uso. Mwenyekiti alitazama meza. Wakapitisha kwamba vikao vyote vilifanyika. Kwamba jina la marehemu liliingia kwa bahati mbaya, aliyeunga mkono hoja ya jalala ni fundi bomba, ambaye alinyoosha mkono kukubali bila kunitazama. Na kwamba jalala libaki lilipo. Kisha mwalimu akatoa hoja ya mwisho, kwamba baraza liwaandikie makao makuu katibu huyu asihamishwe kwa miaka mitano, kwa kuwa mgeni hataielewa kazi yetu. Mikono kumi ikapanda. Na anayeandika muhtasari ni nani? Niliandika, dada. Kikao cha kwanza cha kweli nilichokiandika tangu pampu ile, neno kwa neno.

Mjane alinisubiri mlangoni. Alisema ameshukuru, mumewe amepumzishwa. Akanipa pole, akarudi kwenye nzi wake.

Sasa niseme lile nililokuwa nalikimbia tangu mwanzo wa barua. Katibu akihama, au hata akiacha kazi, lazima akae na anayempokea, wasome daftari la mihtasari ukurasa kwa ukurasa, na wajumbe waitwe mmoja mmoja kuthibitisha walichosema. Mwalimu yule hakumbuki hata alichokula asubuhi. Wangeulizwa maswali mawili tu, yote yangemwagika, na wa kwanza kufungwa ningekuwa mimi. Na ukweli ni kwamba mara ya kwanza nilipoomba uhamisho, baada ya mambo ya pampu, makao makuu hawakunikatalia. Walikubali. Mara ya pili pia walikubali, na ofisi ilikuwa ile ile iliyo hatua mia tatu kutoka kwa mama. Mara zote mbili niliandika barua ya kukataa, nikisema mji bado unanihitaji, kisha nikakaa meza hii hii nikakuandikia wewe kwamba wakubwa wana roho mbaya. Ukanipa pole. Ulimwambia mama anisamehe, kosa si langu. Goti lako limeharibika ukisubiri mtu ambaye alikuwa ameitwa na hakutoka.

Jibu la maombi ya tatu limefika juzi. Wamesema wamezingatia ombi la baraza, na uhamisho hautawezekana kwa miaka mitano. Mama ana themanini na mbili. Mara mbili nilikudanganya kwamba wamenikatalia, na safari hii wamenikatalia kweli, na sina cha kukufanya uniamini.

Nimeomba likizo ya siku kumi na nne. Wakinipa, nitakuja, wewe uende ukamwone mjukuu. Wasiponipa, sijui. Sikuombi unisamehe sasa. Nakuomba jambo moja: mama akiuliza nakuja lini, usinitungie jibu. Mkalishe, umsomee barua hii yote, hata mahali hapa.

Mbusu mtoto mchanga kwa ajili yangu utakapomfikia. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia. Wifi yako anasema atakuletea dawa ya kuchua goti. Mimi sijamwambia bado niliyokuambia wewe, nitamwambia nikishaibandika stempu hii.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda

Mama, shikamoo.