Walipoandika Kwamba Tumekataliwa

Baba Neema, mume wangu,

Nakuandikia kutoka Mafinga, tena hadharani, kwa sababu habari zetu zilishasambaa kabla sijazisema mwenyewe.

Nilikusimulia jinsi afisa wa viza alivyoniuliza kwa nini sikutabasamu kwenye picha ya harusi. Nilimjibu kwamba viatu vilikuwa vinanibana. Ulivinunua wewe, kwa kukisia saizi, na nilipoanza kuchechemea nje ya kanisa ukanivua viatu mbele ya watu, ukavibeba mkononi hadi ukumbini. Hilo sikumwambia. Akanipa karatasi: nilete ushahidi zaidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli.

Baadaye nikafungua simu kuangalia ombi letu la kukufuata huko ng'ambo limefikia wapi. Neno moja tu: limekataliwa. Nikampigia mama yako Rujewa. Akaja na mchele na shangazi zako wawili, wamejifunga khanga kama watu wa msibani. Kaka yako akashauri nirudi kwetu Tukuyu nikaanze upya. Alisema kwa huruma, najua. Nikamjibu, "Mume wangu yuko hai na sijaachwa. Mchele tutaula, ila si wa matanga."

Nikampelekea simu jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza, tukasoma maelezo ya chini. Kumbe neno hilo hulibandika hata wakati wanasubiri nyaraka walizoomba. Faili bado liko wazi. Nilicheka kwa hasira. Mtu anakuambia umekataliwa, kumbe maana yake subiri!

Nikawatumia cheti cha kuzaliwa cha Neema, picha, na meseji zetu. Zile tulizogombana sikuzifuta. Nani agombane hivyo na mume wa kuigiza?

Sasa wameandika "linashughulikiwa". Mwalimu anasema maana yake liko mikononi mwao, na hawaahidi lini. Sawa. Ila mimi nimeshafungua mabegi. Neema ameanza darasa la kwanza hapa hapa, na kile chumba ulichokiacha bila paa nimekiezeka. Mbao nilichagua mwenyewe.

Wakikubali, tutakuja. Wakikataa kweli, utarudi, pa kulala papo. Viza ni yao, waitoe au wainyime. Lakini hawakuwepo siku nilipokuwa mke wako, na hakuna neno watakaloandika kwenye simu likanifanya nisiwe.

Vaa sweta, najua huko kuna baridi kali kuliko ya kwetu.

Mkeo,
Mama Neema