Sufuria Katikati ya Mimi na Mukwe

Katuba, Élisabethville
Tarehe 12, mwezi wa saba, 1953

Mpendwa Yaya Numbi, mukubwa wangu,

Jambo sana, Yaya. Mugongo wako je? Na ile jicho ya kuume, imeacha kutoa machozi? Mulamu wangu Chanda anakohoa bado juu ya baridi, ao ule mutishamba ulimusaidia? Mimi niko muzima. Nilikuwa karibu kuwaacha, lakini leo nakula, natembea mpaka ku kisima, na hapa banasema kelele yangu imerudi yote.

Mukono wa kuandika ni wa Marie-Thérèse, jirani ya Madeleine. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemuambia: usinitengenezee maneno, kama nimekuwa mukali, andika mukali. Anacheka, lakini anaandika.

Kwanza furaha. Mutoto wetu Madeleine amezaa mwanaume, ku maternite, nyumba ya kuzalia, ile siku nilifika. Mutoto iko na kichwa yako, Yaya, ile kubwa, ndiyo sababu mama yake aliteseka sana na banganga bakamubakisha kule siku kumi. Sasa bote bawili beko nyumbani. Jina ya mutoto nitakuambia ku mwisho.

Najua habari ile unangojea. Ulinituma huku na neno moja: Madeleine akizaa, nimulete Mitwaba na mutoto wake, abaki kule, juu ya vile bwana yake Zéphirin anapika kwa Bazungu, na mwanaume mwenye kupika si mwanaume. Yaya, simuleti. Usitupe barua chini. Mwenye kukusomea asome mpaka mwisho.

Unajua vile tunaishi, mimi na Zéphirin. Miaka tatu tangu alioa, na hatujaonana uso. Akipita, naangalia ukuta. Hatusemi, hatukuli pamoja. Heshima ya mama na mukwe wake ni ile, sikuikataa hata siku moja. Inafunguliwa tu siku wewe, mukubwa wa jamaa, utasema neno, na mimi nitamupikia kuku na mikono yangu, naye aikule mbele yangu. Miaka tatu ile kuku haijapikwa, juu wewe umefunga kinywa.

Basi nikapanda kamio ya Floribert, ile gari ya mizigo, juu ya magunia, siku mbili mu upepo wa baridi. Nilishuka hapa na kifua kama kunaingia misumari. Madeleine hayuko, iko ku maternite. Mu nyumba ni mimi tu. Zéphirin alifanya vile mutu wa adabu anafanya: akapeleka mukeka wake kwa bwana ya Marie-Thérèse, akalala kule siku zote. Asubui Marie-Thérèse alikuja kuniosha na kuniletea uji. Lakini iko na batoto sita, na mimi uji sikutaka. Siku tatu sikuweka kitu mu tumbo. Nilikuwa nahesabu batu wetu benye kufa, nani atanipokea.

Siku ya yenga, siku ya misa, Zéphirin hakuwa na kazi. Nikasikia mbabula, jiko ya makala, inapulizwa inje, ku baraza. Nikasikia harufu ya mifupa. Alichemsha mifupa ya ng'ombe toka asubui mpaka jua lilikaa katikati, na karoti, na yale majani marefu kama kitunguu Bazungu banaita pwaro. Kisha akachuja yote na kitambaa. Akaweka sufuria ku mulango wa chumba, chini ya pazia, na akarudi nyuma. Nikaona mivuke tu. Na akaanza kusema, si na mimi. Na sufuria.

«Sufuria, ambia Mama supu iko moto. Ambia Mama hakuna kitu ya kutafuna.»

Nikageukia ukuta.

«Sufuria, ambia Mama bakuli ya uji inarudi kila siku yenye kujaa, na jirani hana imbwa wa kumupa.»

Nikakasirika. Nikasema: «Sufuria, ambia ule amekutuma, mimi sikuli mukono ya mwanaume.»

Akajibu: «Sufuria, ambia Mama mukono uko huku inje. Ndani yako muko supu tu.»

Yaya, nikacheka. Sikucheka toka Mitwaba. Kicheko ikaleta kikohozi, kikohozi ikatoa ile uchafu yote ya kifua, na nilipomaliza nikasikia njaa. Nikavuta sufuria. Kwa macho ile supu ilikuwa kama maji ya kuosha sahani. Mu kinywa ilikuwa kitu ingine. Ilishuka pole, ikapita penye misumari, na mikono yangu ikapata moto mpaka ku vidole. Nilikunywa na kijiko, kisha nikaacha kijiko, nikakunywa na sufuria yenyewe.

Ku siku za kazi ilikuwa ingine. Bazungu yake banalala muchana, basi anapata ruhusa toka saa nane mpaka saa kumi. Anapanda kinga, baiskeli yake, anakuja mbio, anapika, anachukua bakuli moja anapeleka ku maternite, anarudi kazini. Siku ile ya kwanza nikasikia anafungua mukebe wa tomati. Kisha karatasi ndogo inapasuka. Nikachungulia chini ya pazia, nikaona mukono tu: iko na kajiwe ka rangi ya udongo, kadogo kama sabuni ya kubakia, anakavunja ndani ya maji. Ndiyo supu, eti!

«Sufuria,» nikasema, «ambia mupishi wako ile ni uvivu. Mifupa iko wapi?»

«Sufuria, ambia Mama mifupa inaomba saa tatu. Madame ananipa saa mbili, na kinga inakula moja.»

Basi nikafungua gunia ile ulinipa wakati wa kuondoka, nikatoa samaki ya kukauka na karanga. Nikasukuma samaki chini ya pazia. Karanga nikatwanga mwenyewe, nimekaa ku kitanda, kinu katikati ya miguu, napumzika, natwanga. Nikasukuma unga wake pia. Akaongeza yote mu tomati yake na kajiwe kake. Yaya, supu ile ya haraka ilipita ile ya mifupa. Sikumuambia. Nilimuambia tu sufuria kwamba chumvi ilikuwa mingi, na haikuwa mingi.

Tukapika vile siku ine, sisi bawili, bila kuonana. Bakuli ya Madeleine ilienda kila siku, na maziwa yake ikakuja mingi, mutoto anakunywa mpaka inamutoka ku pua. Aksanti ya samaki, Yaya. Aksanti ya karanga. Ulizituma kwa hasira, lakini zilifanya kazi ya upendo.

Sasa sikia kosa yangu, ni mimi ninakuambia mbele mutu mwingine asikuambie.

Siku ya yenga ile ingine nilikuwa na nguvu. Zéphirin alitaka kunipikia chakula ya Bazungu, ile banaweka mu furu, jiko ya kufunga na mulango. Furu hana. Akapanga mu sufuria biazi bitamu, maharagi, majani ya lengalenga, kisha biazi tena, akamwanga karanga juu, akafunika, na akaweka makala juu ya kifuniko na makala chini. Mimi nikalala kidogo. Nilipoamuka, kimya. Nikafikiri amekwenda kuona bibi yake. Nikatoka ku baraza kuangalia.

Alikuwa pale! Amechuchumaa, amefunga kitambaa ya Madeleine ku kiuno, mashavu yamejaa pumzi, anapuliza makala. Uso kwa uso, Yaya. Mimi nikavuta kitambaa yangu juu ya kichwa, nikaanguka ku kiti. Yeye akashika kitu ya kwanza karibu, kiyungi ya kuchekecha unga, akaivaa ku kichwa, akageukia ukuta. Tukabaki vile. Unga unamwangika ku mabega yake. Kisha nikasikia harufu.

Nikapiga kelele: «Sufuria, unaungua!»

Akatembea nyumanyuma na kiyungi ku kichwa, akapapasa, akashika kifuniko, akajichoma, akasema neno ya Kifransa ile Marie-Thérèse amekataa kuandika. Chakula ikapona. Chini ilikauka nyeusi, lakini juu ilikuwa na ngozi nyekundu, na ndani laini kama chakula ya mutoto. Niliikula mu chumba, yeye aliikula ku baraza, pazia katikati, na tulikuwa tunacheka bote bawili kama bajinga.

Basi, ameniona, nimemuona. Wewe ndiye mukubwa, sitakuficha. Iko njia mbili tu: utuhukumu, mimi na yeye, ao ufungue. Nimekuheshimu toka ulinibeba ku mugongo kuvuka muto, na sitafungua bila neno yako. Lakini usiniombe tena kumutoa Madeleine hapa. Uliuliza bibi atafanya nini mu nyumba mwenye bwana anapika. Jibu nilipata na mwili wangu: atapona.

Kuku nimekwisha kupata, jike mwekundu, nimemufunga muguu ku muti wa baraza. Anakula mahindi ya Zéphirin. Floribert atatoka kwako Mitwaba siku ya ine ya juma. Mupe neno, hata neno moja tu, anajua kulibeba. Kama macho inaruhusu, panda wewe mwenyewe kando yake mbele, si juu ya magunia. Supu itakungojea, ile ya mifupa, juu wewe si mutu wa kupikiwa haraka.

Salimu mulamu wangu Chanda, umuambie ajifunge kitambaa ku kifua. Salimu Mutale na Kalaba, na batoto yao bote, na mama Mwansa wa ng'ambo ya muto. Madeleine anakusalimu. Sufuria inakusalimu pia, nasema vile juu mwenye kuituma hana ruhusa bado ya kukusalimu.

Jina ya mutoto alichagua baba yake. Nilimuuliza sufuria kwa nini. Akajibu kwamba mutoto anastahili jina ya mukubwa wa jamaa ya mama yake, hata kama ule mukubwa hajamupenda baba. Anaitwa Numbi. Anakungojea, na ile kichwa yenu.

Mungu akulinde, akufungue mikono na kinywa.

Mudogo wako, mwenye kukupenda hata ukikasirika,

Kapya