Maji Yanaanzia Kwetu

Shamba la Juu,
Jumapili, baada ya mvua kubwa.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu unaokusumbua wakati wa baridi umetulia. Huku hatujambo, isipokuwa mimi, niliye mzima wa mwili tu.

Nianze na maana, nawe uendelee kuniita Bi Maana. Msaada, kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa ofisi ya kilimo, ni kile apewacho mkulima ili udongo wake ubaki shambani mwake. Nikaona ufafanuzi huo unatuhusu, kwa kuwa lile korongo la nyuma ya zizi sasa limekaribia jiko. Nikapanga foleni kuomba majani ya kushika udongo, na vibarua wa kuchimba makinga maji, yaani mitaro inayokata mteremko.

Mbele yangu alisimama fundi cherehani, yule ambaye shamba lake liko chini ya letu. "Ha! Na wewe, dada?" akasema. "Sisi tulijua serikali ndiyo huja kwako kuomba!" Foleni ikaangua kicheko. Nami nikacheka, nikidhani aibu yangu imeishia hapo.

Kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Bwana shamba alipojua shamba letu ni lipi, aliweka kalamu chini. "Ni ninyi! Mteremko mzima umekwama kwa ajili yenu. Maji huzuiwa yanakoanzia. Wa juu asipojiunga na mpango huu, wa chini hatuwezi kuwapa kitu."

"Sikukataa," nikamwambia. "Sikuulizwa."

Fundi akajibu bila kunitazama: "Nani aje kukugongea mlango, dada? Mtu akikuamkia tu, unamsahihisha."

Ni kweli, Kaka. Nilifuatana naye mpaka kwake. Maharage yake yamefukiwa na udongo mwekundu, na pale chini hakuna udongo mwekundu ila uliotoka kwetu. Mkewe alinipa kiti, akakifuta kwanza kwa khanga yake. Afadhali angenitukana.

Sasa hili ndilo linaloniwia zito kuandika. Mtaro wa kwanza hauna budi kupita katikati ya kiwanja ulichojitengea kujenga utakaporudi. Shamba ni letu sote wawili. Bila ridhaa yako hautachimbwa, na mvua zijazo zikiutangulia, fundi hatavuna tena. Najua kiwanja hicho umekitunza moyoni muda wote wa ugeni wako. Hata hivyo nakuomba, wala sina hoja ya kukushinda nayo. Nina aibu tu.

Shangazi, ambaye masikio yake yamezidi kuwa mazito, anakusalimu kwa sauti ya kutosha kukufikia bila barua. Nisalimie wifi na watoto. Mola akulinde huko uliko, akujalie kurudi penye udongo.

Limebaki swali moja ambalo nimeshindwa kulifunga: anayepewa msaada ili aache kumfukia jirani yake, aliyesaidiwa hasa ni nani?

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Bi Maana