Mtaro Mbele ya Kibanda

Jumatano.

Siku mbili nzima vitumbua vimerudi nyumbani. Tangu wachimbe mtaro mbele ya kibanda changu hapa Temeke, wateja wanapita ng'ambo.

Mjukuu wangu Zuhura ananiambia, "Bibi, tuweke bango kubwa." Nikamuuliza, "Hilo bango litaruka mtaro, mke mwenzangu?" Akacheka. Mie sikucheka. Kibanda kikifa, sie tutakula nini?

Leo saa nne nikawaona wale wachimbaji, niliokuwa nawalaani, wamepumzika na maji matupu. Nikawapelekea vitumbua. Wakaniamkia, wakanunua vyote. Msimamizi wao akasema, "Bibi, kesho njoo na chai ya tangawizi."

Tangawizi nimeshatwanga. Sasa namwomba Mungu, na aibu naiona, mtaro huo wasiumalize upesi.