Mpini wa Upanga wa Mnorwei

Jumapili, 4 Mei. Nizwa, Omani.

Waya wa fedha umekatika mara tatu leo. Mara ya nne nimeukata mwenyewe kwa hasira, halafu nikakaa kuuvuta upya. Vidole vinaniuma. Mpini huu si kama wa khanjari, jambia letu la kiunoni. Mrefu, mnyoofu, una chuma cha kukinga vidole chini, kingine juu, kisha kichwa kizito mwishoni. Aliyeuagiza ni Henrik, Mnorwei anayefanya kazi Sur. Anataka mfano wa panga za Waviking, wazee wao wa zamani. Bapa, chuma chenyewe cha upanga, limekuja tupu kutoka kwao, butu, la mchezo wao wa kupigana. Mpini anataka ufanywe hapa.

Bapa la pili kampa Salum, shemeji yangu, mume wa dada yangu Nasra, mwenye duka la khanjari. Tarehe 24 panga zote mbili zitajaribiwa Ibra, kwenye shamba alilokodi Henrik. Utakaostahimili, fundi wake atapewa mipini kumi na miwili mingine, na jina lake litachorwa kwenye kila mmoja. Nataka liwe langu. Na nataka Salum awepo likisomwa.

Jumatano, 7 Mei. Ibra.

Soko la wanawake. Nimefika saa moja asubuhi, jua lishaanza ukorofi wake. Kwa Bi Rayya nimepata furungu moja kongwe la mguuni, fedha nzito ya zamani, la pili limepotea. Akaniuliza nitalivaa vipi moja. Nikamwambia naliyeyusha, nifanye waya wa mpini wa upanga. Akacheka mpaka machozi.

"Upanga wa kumkata nani, Zuwena?"

Nikacheka na mimi. Nikamhesabia pesa zake.

Alhamisi, 8 Mei.

Firq, kwa Iqbal wa mashine. Nimempelekea springi ya lori anikatie vyuma viwili vya kukingia. Kila safari ananiuliza, "Bwana yuko wapi?" Leo nimemwambia bwana ni mimi, kata. Tundu la kupitishia bapa kalitoboa pana mno, chuma kinacheza. Nimemrudishia. Kanuna. Na anune.

Jumatatu, 12 Mei. Sur.

Nimepata mti. Seremala mmoja wa majahazi, mtaa wa Aija, kanipa vipande vya msaji mkavu, vya miaka. Nimevinusa tu nikajua ndivyo.

Lakini nimefanya ujinga, bora niuandike. Kabla ya kuugusa upanga nilijaribu kwenye kisu kibovu. Nikakitia mpini kama tutiavyo khanjari sote: unayeyusha lakiri, unaimimina ndani, unachomeka mkia wa bapa, ile ncha nyembamba ya nyuma, ikipoa khalas, imeshika. Kisu nikakiacha ndani ya gari nikashuka kuchagua mti. Nimerudi, nakishika, mpini unazunguka kama mwiko ndani ya uji. Lakiri imelainika kwa joto.

Khanjari hukaa kiunoni, haipigwi mahali, lakiri yaitosha. Upanga huu utapigwa kwenye gogo. Basi mkia lazima upite mpini mzima, utokeze juu kichwani, ugongwe mpaka utanuke kama kichwa cha msumari. Hapo hautoki. Miaka arobaini ya kazi, na mazoea ya mkono nusura yaniumbue mbele za watu.

Ijumaa, 16 Mei.

Chakula cha mchana kwa Nasra. Picha bado iko ukutani sebuleni. Salum kashika tuzo ya maonyesho, na chini yake khanjari yenye mpini wangu. Wangu! Miezi mitano niliufanyia kazi, miwani imebadilishwa mara mbili. Akaupeleka kwa jina lake. Na alipoulizwa na watu wa gazeti, akasema wanawake nyumbani "wanasaidia kupangusa."

Kupangusa. Mwaka wa pili huu naamka na neno hilo.

Nilipolalamika, Nasra aliniambia, "Si vyote vya familia, mdogo wangu?" Nikanyamaza kwa ajili yake. Leo Salum kaniuliza mbele ya wageni kama nahitaji msaada wa upanga wangu. Nimesema ahsante, shemeji, naparamiaparamia tu. Kacheka. Nikamtilia mchuzi. Moyoni nikasema ngoja, utaona kilichomtoa kanga manyoya.

Jumanne, 20 Mei.

Nasra kanitumia picha ya upanga wa mumewe kwenye simu. Mzuri, sikatai. Fedha imekaa sawa, ngozi imebana. Nikaikuza picha. Juu ya kichwa cha mpini hapana kitu. Laini, kama yai. Mkia haukutokeza.

Nimempigia, nikauliza kwa upole Salum kamaliza vipi upesi hivyo. Akasema kwa fahari, "Mkia ulikuwa mrefu, kaukata. Lakiri imeshika kama jiwe, mashallah."

Nikasema mashallah. Nikakata simu. Nikacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Kaingia mwenyewe. Sikumchimbia shimo mimi, kalichimba kwa mkono wake. Mimi nakaa kimya tu.

Alhamisi, 22 Mei.

Wangu umekwisha. Mkia nimeugonga juu nyundo moja moja, polepole, saa nzima. Nimeupiga kwenye mwimo wa mlango wa uani mara ishirini. Haukutikisika. Mlango ndio umeumia.

Baada ya alasiri nimeshika simu nimwambie Salum. Namba nimeitafuta. Nikamwona tena akilini na tuzo yake. Nikaiweka simu kabatini, nikafunga kabati.

Jumamosi, 24 Mei. Ibra.



Watu kama thelathini, Wazungu wenzake Henrik na jamaa zetu. Salum kaja na kanzu mpya. Upanga wake ulikaa kiti cha nyuma cha gari, vioo vimefungwa, toka asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Nililiona gari liko juani. Nikaenda kukaa kivulini.

Henrik kaanza na wangu. Gogo la mtende kalipiga mpaka likachanika. Mpini kimya. Watu wakapiga makofi. Kisha akauchukua wa Salum.

Hapo Nasra akavuta kiti chake mbele, karibu kabisa na gogo, simu mkononi, apige picha za mumewe.

Siku nne nilikuwa naufikiria uso wa Salum tu. Sikufikiria bapa litakwenda wapi. Butu, ndiyo, lakini ni kilo nzima ya chuma.

Henrik akanyanyua. Nikapiga ukelele, "Simama!" Nimekwenda mbio, mimi na magoti yangu haya. Nikaushika upanga, bapa kwa mtandio, mpini kwa mkono wa pili, nikauzungusha. Ukazunguka. Nikavuta. Ukatoka wote, na uzi mweusi wa lakiri ukining'inia.

Salum kawa rangi ya jivu. Nikaunyanyua ule mpini mtupu juu, kila mtu auone, nikasema kwa sauti, "Mimi ndiye ninayepangusa." Roho ilinisuuzika. Siandiki uongo humu. Ilikuwa kama maji ya kufuturu.

Kisha Nasra akanijia. Hakupaza sauti.

"Umejua toka lini?"

"Jumanne."

Akaitia simu mkobani. Akamshika mumewe mkono wakenda garini.

Jumapili, 25 Mei.

Henrik kapiga simu. Mipini yote kumi na miwili yangu, na jina langu. Kaniuliza liandikwe vipi. Nikamwandikia kamili, mpaka la babu. Salum hakufungua duka leo, nasikia. Vizuri. Nimekula wali sahani nzima.

Jumatano, 28 Mei.

Sijagusa waya. Asubuhi nimepika mkate wa kumimina, ule anaoupenda Nasra, nikaenda kwake kwa miguu.

Kafungua mwenyewe. Amelia, macho yanaonyesha. Nikamwambia, "Shikamoo, dada."

Kaniangalia. Toka nimejua kusema, ninamwamkia na ananiitikia. Hata tulipogombania vitu vya Mama. Hata siku ya maziko ya mume wangu, nilipokuwa siwezi kutoa sauti, aliniitikia kwa midomo tu. Nimesimama pale na sahani, nangoja marahaba yangu.

Akasema Salum amelala. Akafunga mlango taratibu.

Nimengoja kidogo kizingitini. Kisha nimerudi nyumbani na mkate.