Sifuri Nane za Daftari la Mvua

Wifi yangu Neema,

Amani iwe kwenu hapo Newburg, Louisville. Huku Buffalo upepo wa ziwani unakata masikio, ila Mama Yakobo amenipikia ugali na sombe ya majani ya muhogo, nimeshiba.

Mumewe hupima mvua uani kama marehemu kaka yako, na kila mwezi hutuma hesabu kwa mtandao wa wapima mvua wa miji mbalimbali. Nilimpa daftari letu ili mwezi wa mwisho wa kaka yako uingie kwenye wastani. Akavaa miwani, akacheka.

“Shemeji, siku nane bila hata tone? Umekausha Louisville yote!”

Nikamweleza kwamba siku hizo tulikuwa hospitali, nikajaza sifuri ili ukurasa usibaki wazi.

“Bon, basi, zifute. Sifuri ni mtu aliyetoka, akachungulia chombo, akakikuta kikavu. Kama hakuna aliyetazama, piga mstari. Vituo vyote hufanya hivyo, la sivyo wastani wetu hautalingana na wa wenzetu wa Columbus.”

“Na mwezi wenyewe?”

“Siku zilizokosekana ni nyingi. Hauingii.”

Iliniuma. Lakini nilikumbuka kaka yako alivyokuwa akirudi uani mara ya pili, na ndara zake, kuhakikisha alichosoma. Asingeandika asichokiona. Nimefuta sifuri hizo zote, nimepiga mistari minane.

Ile mvua iliyotulowesha mimi na wewe kwenye maegesho ya hospitali haimo, Neema. Ilinyesha, lakini hakuna aliyeipima.

Nakukumbatia pamoja na watoto. Mungu awalinde.

Wifi yako, Mama Furaha